Flashi Nyekundu Shingoni

"Sindano, mwahi huyo mlanguzi kabla hajazima kompyuta!"

Ilikuwa sauti ya Mkuu, sikioni.

Sindano alikuwa anapanda ngazi mbilimbili, bastola ya Glock mkononi. Jasusi mmoja, mwanamke, peke yake kama siku zote.

Ghorofa ya tatu, duka la kutengeneza simu. Akaupiga mlango teke.

Mlanguzi alikaa mbele ya kompyuta ya mezani. Kwenye kioo kulikuwa na ramani ya njia ya lori la dawa bandia za watoto. Lisipokamatwa leo, mama wa watu watawanywesha watoto wao sumu kwa mikono yao wenyewe.

Mlanguzi akang'oa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi.

"Pole, dada," akacheka. "Ramani ilikuwa kwenye ramu tu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ramu ukiinyima umeme inasahau hata mama yake."

Hapo alisema kweli.

Sindano akaitazama flashi nyekundu iliyoning'inia shingoni mwa mlanguzi.

"Na hiyo, kaka?"

"Hii ndiyo iliyoleta ramani. Nimeshaifuta. Tupu kama mfuko wako!"

Sindano akamfunga pingu. Akamvua flashi, akaichomeka kwenye simu yake, akampigia Mtaalamu wa ofisini aichungulie kutoka huko.

"Unaona kitu?"

"Subiri... Naona. Amefuta jina tu, ramani yenyewe imelala humo humo. Flashi haihitaji umeme ili ikumbuke, dada. Hukaa nayo mpaka uandike kitu kingine juu yake."

Mzazi unayesoma, shika hapo hapo. Flashi yenye picha za mwanao usimpe mtu eti umeshafuta.

"Lori liko wapi?"

"Barabara ya kiwanda cha sabuni. Vijana wanalifuata."

Dakika zikapita. Mlanguzi jasho linamtoka.

"Limekamatwa!" Mtaalamu akasema.

"Lakini nilifuta!" mlanguzi akalia.

"Wote mnasema hivyo."

Mtaalamu hakukata simu. Akashusha sauti.

"Sindano, zile picha za binti yako ulizofuta siku ya kuapishwa ujasusi... flashi bado unayo? Niletee. Nitazirudisha."

Flashi hiyo Sindano alikuwa nayo mfukoni. Miaka yote aliibeba kama jiwe, akijua haina kitu. Kumbe mwanawe alikuwemo, anacheka, hana meno ya mbele.

Akaishika kwa vidole viwili.

Halafu akaelewa. Anachoweza Mtaalamu, hata wanaomwinda wanaweza. Wakiiokota tu, wataijua sura ya mtoto.

Akaiweka kizingitini. Akaikanyaga kwa kisigino, tena na tena, mpaka kile kipande cheusi cha ndani kinachotunza kumbukumbu kikasagika.

"Sindano? Kelele gani hizo?"

"Hakuna kitu."

Akavaa miwani yake ya jua. Akamsukuma mlanguzi mbele, akashuka ngazi taratibu, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.

Sasa sura ya binti yake ilibaki kichwani mwake tu. Tangu siku hiyo akawa anaogopa kulala, asije akaamka ameisahau, kama ramu iliyonyimwa umeme.