Kanisa Lilipoombea Macho ya Babu

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita aliingia chumba cha mbele cha nyumba yao akiwa tayari ameshaanza hadithi. Hadithi ilianzia mlangoni, ikapitia kwenye mtungi wa maji ya kunywa, ikaishia kwenye benchi la kazi la babu yake. Ndiyo maana wakubwa kwa wadogo walimwita Chiriku. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye madaftari ya shule tu.

"Shikamoo Babu! Leo mwalimu wa hesabu kakalia chaki, suruali nyeupe nyuma yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia!"

"Marahaba. Vuta pumzi kwanza, mjukuu wangu. Hiyo suruali haikimbii."

Babu alikuwa fundi viatu, tena fundi hasa. Alitengeneza viatu vipya kuanzia soli hadi kamba, na watu wenye miguu ya shida walimfuata kutoka mbali: wenye vidole vilivyopinda, wenye nyayo bapa, wenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Chumba kilinuka gundi na ngozi. Ukutani zilipangwa kalibu, yaani miguu ya mbao ya kuundia viatu, za kila saizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata Bibi siku ya kufagia.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kupima. Mteja alivua viatu akasimama juu ya karatasi ngumu, kila mguu na karatasi yake, naye Chiriku akapiga magoti na kuzungusha penseli pembezoni mwa wayo. Kisha alilikata umbo lile kwa mkasi. Babu alimpa sharti moja tu: aandike "kulia" au "kushoto" kabla mteja hajainua mguu. Karatasi ikishakatwa unaweza kuigeuza upande wowote, nayo haina mdomo wa kukusahihisha.

Alhamisi moja Babu alikuwa ametoka kwenda kununua ngozi. Wakaingia nesi aliyehamia zahanati ya jirani na binti yake mrefu, mwembamba, ambaye nyumbani kwao walimwita Twiga. Twiga alivunjika mguu akiwa mdogo, na mguu ule haukuwahi kuufikia mwenzake kwa urefu. Sasa alihitaji viatu ambavyo kimoja kina soli nene zaidi, ili asichechemee.

"Jumatatu naanza shule," Twiga alisema. "Sitaki wanitazame miguu kabla hawajanitazama uso."

"Shule ipi? Ile ya karibu na kisima? Mungu wangu, ni shule yangu!" Chiriku alifurahi kupita kiasi. Aliweka vipande vya mbao chini ya mguu mfupi mpaka kiuno cha Twiga kikawa sawa, akapata sentimita tatu. Akachora mguu wa kwanza huku akisimulia habari za mwalimu mkuu. Akachora wa pili huku akieleza ni dawati gani lina misumari. Aliwasindikiza wageni wake hadi barabarani, akarudi, akakata karatasi zote mbili vizuri kabisa.

Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuandika kitu.

Akazigeuza karatasi huku, akazigeuza kule. Mguu mfupi ulikuwa upi? Sentimita tatu alizikumbuka, lakini mguu hakuukumbuka. Nyumba ya nesi ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Angeweza kwenda na kurudi kabla Babu hajafika. Lakini jua lilikuwa kali, na aibu ya kwenda kuuliza ilikuwa kali zaidi.

Basi Chiriku akafumba macho. "Bwana, wewe unajua yote," akaomba. "Karatasi nitakayoigusa ndiyo ya mguu mfupi. Naamini." Akagusa iliyolala upande wa kushoto, akaandika juu yake: kushoto, sentimita tatu. Moyo wake ukatulia, akajiona mtoto mwenye imani kubwa. Alizitundika karatasi kwenye msumari wa ukutani, Babu alipofika akazikuta tayari.

Jumamosi asubuhi Twiga na mama yake walirudi. Viatu vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na soli ile nene ilikuwa imefichwa kwa ustadi hata huwezi kuiona kwa haraka. Twiga alivivaa huku anacheka peke yake. Akasimama, akapiga hatua moja, akayumba kama meza mbovu. Mama yake akamdaka.

"Fundi," nesi alisema taratibu, "mguu mfupi ni wa kulia."

Babu alitazama viatu, akamtazama Twiga. "Chiriku, niletee zile karatasi."

Chiriku akaenda kwenye msumari. Neno "kushoto" lilikuwa pale pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akawapa mgongo, akazikunja karatasi, akazisukumiza ndani ya mfuko wa sketi.

"Sizioni, Babu," akasema. "Lakini niliandika kulia. Nakumbuka kabisa."

Babu alivua miwani akaifuta kwa aproni, akaivaa, akaivua tena. "Basi nimesoma vibaya," akasema. "Nisamehe, mama. Nisamehe na wewe, binti yangu. Kosa ni langu."

Nesi alijibu kwa upole kwamba hakuna neno, lakini sauti yake haikuwa na furaha. Twiga alivaa makubazi yake ya zamani, akaondoka anachechemea, na Chiriku hakuweza kumwangalia.

Jioni ile Babu alivua aproni akaikunja vizuri. Kwa kawaida aliitupa tu juu ya benchi. "Mama watoto," alimwambia Bibi, "mguu wa mtoto wa watu si kitu cha kubahatisha. Kama macho yangu hayawezi kusoma neno moja, sitatengeneza viatu tena. Nitashona vilivyochanika, nitapaka rangi, basi."

"Miaka thelathini na minane ya ufundi!" Bibi alishangaa. "Kwa kosa moja?"

"Moja ninalolijua," Babu alijibu. "Je, yale nisiyoyajua?"

Chiriku alikuwa anaosha vyombo. Alisikia kila neno, na sahani ikamponyoka ikarudi ndani ya maji. Kabla ya kulala alipiga magoti, akaomba kwa bidii yote: "Mungu, mponye Babu macho." Alipofika kwenye amina akakumbuka kwamba macho ya Babu hayakuwa na ugonjwa wowote. Akaisema amina haraka haraka, akajifunika shuka.

Asubuhi ya Jumapili, kwenye darasa la watoto, mwalimu aliuliza nani amekariri mistari ya wiki. Chiriku alikuwa bingwa wa jambo hilo. Alisimama akaitoa yote bila kukwama, na mwalimu akampigia makofi. "Watoto, mnaona? Neno limekaa moyoni mwake."

Chiriku alirudi kwenye benchi uso umemwiva. Alijua fika kwamba neno lilikaa mdomoni, na huko moyoni kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa.

Ibada ya wakubwa ilipoanza, watoto walikaa mbele. Ukafika wakati wa maombi, na mchungaji akauliza kama kuna mwenye haja ya kuombewa. Mama mmoja akamtaja mumewe aliye safarini. Kijana mmoja akataja mtihani. Kisha kwenye safu za nyuma benchi likalia, watu wakageuka. Babu alikuwa amesimama.

Babu hakuwa mtu wa kusimama. Mwaka ule alipougua homa hadi akashindwa kutembea, hakumwambia hata jirani. Leo alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaikunja na kuikunjua.

"Wapendwa," alisema, "naomba mniombee macho. Nimemharibia mtoto viatu kwa sababu nimeshindwa kusoma. Kazi yangu ndiyo huduma yangu. Sijui kumtumikia Mungu kwa njia nyingine. Mimi siwezi kuhubiri, najua viatu tu. Kama ni mapenzi yake niache, nitaacha. Lakini bado natamani kuendelea."

Wazee walikuwa na machozi. Mchungaji akainua mkono, watu wote wakainamisha vichwa, na sauti zikaanza kupanda: Bwana mguse, Bwana mponye, Bwana fungua macho ya mtumishi wako. Hata mama yule mwenye mume safarini aliacha shida zake akaomba kwa sauti kuliko wote. Watu mia mbili walikuwa wanaombea macho yasiyoumwa.

Chiriku akajiambia atasema nyumbani. Akajiambia atasema kesho. Kisha akasikia sauti ya Babu katikati ya sauti zote, imepasuka, inaomba, naye akajua kwamba akingoja mpaka amina hatasema tena kamwe. Akasimama juu ya benchi.

"Msiombe!" akapaza sauti. "Mchungaji, msiombee macho ya Babu! Hayaumwi!"

Maombi yakakatika kama redio iliyozimwa. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa na dada yake. Macho yote yakamgeukia Chiriku, naye kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuwa bubu.

"Ni mimi," akasema, magoti yanagongana. "Sikuandika mguu upi. Nikabahatisha, nikasema ni imani. Halafu nikaficha karatasi, nikamwambia Babu niliandika sawa, akadhani yeye ndiye hakuona." Akaanza kulia kwa kwikwi. "Babu anaona vizuri kabisa. Hata nikichelewa shuleni ananiona tangu kona ya mbali!"

Baadhi ya watu walishindwa kuzuia kicheko. Babu alikuja mbele polepole, kofia mkononi. Hakuna aliyejua atafanya nini. Alimshusha Chiriku kutoka kwenye benchi, akamshika bega, akamgeukia mchungaji.

"Ombi langu limejibiwa," akasema. "Endeleeni na yule kijana wa mtihani."

Mchana ule ule walikwenda nyumbani kwa nesi, Babu mbele, Chiriku nyuma. Chiriku ndiye aliyebisha hodi na ndiye aliyeeleza yote, tangu Alhamisi hadi kanisani, bila kuruka kitu. Babu hakumsaidia hata kwa neno moja. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amekasirika, kwa sababu kweli alikuwa amekasirika. Kisha akasema amesamehe, akaenda kuleta maji ya kunywa.

Twiga alinyoosha mguu. "Huu hapa. Wa kulia. Ule unaoshikia kalamu!"

"Hushiki kalamu kwa mguu," Chiriku alisema huku bado machozi yanamtoka.

"Na soli nene haiwekwi mguu wowote tu," Twiga alijibu, na wote wawili wakacheka, ingawa Chiriku alicheka kwa hofu kidogo.

Siku ya Jumatatu Twiga aliingia darasani na makubazi yake, anachechemea, na wanafunzi wakamtazama miguu vile vile alivyoogopa. Chiriku alisogea akampa nafasi kwenye dawati lake, lile lisilo na misumari. Mvulana wa nyuma aliponong'ona jambo, Chiriku aligeuka akamwambia wazi, "Viatu vyake vingekuwa tayari tangu Jumamosi. Niliviharibu mimi. Una swali lingine?" Mvulana akainamia daftari lake.

Siku tatu mfululizo, kila baada ya shule, Babu na mjukuu wake walifanya kazi bega kwa bega. Soli haihamishwi hivi hivi. Gundi ilipaswa kupashwa moto, tabaka kubanduliwa moja moja, ngozi kusuguliwa upya. Chiriku alipata malengelenge vidoleni, hakulalamika. Babu alikuwa amevaa aproni yake. Alhamisi jioni viatu vilikamilika, na Twiga akavivaa pale pale mbele ya benchi la kazi. Alitembea hadi mlangoni, akatoka, akaenda mpaka kona ya barabara na kurudi. Kiuno chake kilikuwa sawa. Nesi alisimama akimtazama mwanawe, akashindwa kusema asante mpaka mara ya tatu.

Walipoondoka, Chiriku alikaa kwenye kigoda miguuni pa babu yake.

"Babu, unajua kwa nini sikusema mapema?"

"Nadhani najua. Lakini niambie."

"Niliogopa ungeninyang'anya kazi ya kupima."

"Na Mungu je? Yeye hukumwogopa?"

Chiriku akafikiri. "Nilidhani yeye angeelewa."

"Alielewa," Babu alisema. "Tatizo ni kwamba mimi sikuelewa, na yule mtoto hakuelewa kwa nini anayumba. Sikiliza, mjukuu wangu. Ile Alhamisi, Mungu alikuwa ameshakupa jibu. Alikupa miguu mizima na nyumba ya mitaa miwili. Kumwamini kungekuwa kwenda kuuliza, hata kama aibu inakuunguza. Wewe ulifumba macho ukamtupia yeye kazi yako. Lakini Jumapili ulisimama mbele ya watu wote magoti yanagongana, hujui nitakufanya nini. Mwalimu wako anakusifu kwa mistari, na ni vizuri. Mimi nilikuona ukiishi mmojawapo, na siku ile nilijivunia kuwa babu yako."

Chiriku akajifuta uso kwa kiganja chenye gundi, akajipaka shavu zima. "Basi leo nitakuombea tena. Nikuombee nini?"

Babu akajinyoosha, mifupa ikalia.

"Niombee magoti," akasema. "Hayo ndiyo yanayouma kweli."

Chiriku akafumba macho, akaombea magoti ya babu yake taratibu, neno kwa neno, na amina yake ya safari hii haikuwa na haraka.