Mtu wa Tano kwenye Picha

Mchungaji Bujiku alinituma makaburini saa kumi na moja jioni. Mimi ni katibu wa kanisa letu hapa Ipililo, na kitabu cha historia ya misheni kilitakiwa kufika kwa mchapaji, Bariadi, kesho yake asubuhi. Lilikuwa limebaki jina moja tu.

Picha tulitumiwa kwa WhatsApp na wajukuu wa mmisionari, kutoka Ulaya. Baba, mama na watoto wawili wa kiume, majina yao yameandikwa chini. Pembeni amesimama mtu wa tano, mwanamke wa Kizungu, amebeba mtoto mweusi mgongoni. Chini yake hapajaandikwa kitu. Wajukuu wenyewe hawamjui.

"Katazame kwenye mawe, Violeth," mchungaji aliniambia. "Huenda alizikwa hapa."

Nikakatiza mashamba ya pamba, nikaingia ndani ya ukuta wa zamani wa misheni. Makaburi manne. Nikafuta vumbi, nikasoma yote. Hakuwemo.

Nikageuka kuondoka. Ndipo nikasikia harufu.

Maziwa... Maziwa ya moto, yaliyofurika na kuungulia jikoni.

Halafu mtu akiimba kwa pumzi tu, kama anayebembeleza mtoto. Sauti ilitoka nje ya ukuta.

Nikachungulia. Mwanamke ameketi kwenye majani, amenipa mgongo. Gauni refu, rangi ya vumbi. Mbele yake mawe madogo yamepangwa mstari.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila." Kisukuma chake kilikuwa cha wazee. Hakugeuka. "Punguza sauti. Wamelala."

Akaanza kugusa mawe kwa vidole vyeupe kama majivu.

"Kija... Luli... Maduhu... Ngasa..."

Alitaja kumi na mmoja. Kisha mkono ukatua kwenye jiwe la mwisho.

"Na huyu Mahona."

Nikaushika ukuta kwa mikono miwili.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Tulimzika nyuma ya nyumba bila jina, na watu wakaniambia nisilie sana, nitapata mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimempa jina la marehemu baba yangu, Mahona. Nilimnong'oneza sikioni, hospitalini. Hata mume wangu, Mayunga, sikumwambia.

"Wangu yuko nyumbani," nikasema.

"Wasioitwa huja huku." Akaligusa tena jiwe la mwisho. "Usiogope. Ananyonya vizuri."

Ananyonya.

Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kuruka ule ukuta nimwone mwanangu.

"Wewe ni nani?"

Akaanza kugeuka. Nikaona shavu... nikafumba macho. Nilipoyafumbua palikuwa na majani, na mawe, na ile harufu.

Nilikimbilia kwa Bibi Salu, bibi yake Mayunga, ambaye ana zaidi ya miaka tisini. Nikamweleza huku nahema, nikampa simu. Akaisogeza picha karibu na jicho lake linaloona.

"Hana," akasema. "Mdogo wake mke wa mmisionari. Na huyo mgongoni ni mimi."

Nikakaa chini.

"Mwaka wa surua alitukusanya watoto wagonjwa nyumbani kwake. Alitunywesha maziwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikapona. Kumi na mmoja wakamfia mikononi, na Kija, kaka yangu, akiwemo. Watu wakasema anawala. Aliyesema wa kwanza ni mama yangu."

"Mmisionari hakumtetea?"

"Aliogopa kanisa litachomwa. Akamtoa nje ya ukuta, kwenye kibanda cha nyasi. Homa ikamkuta huko. Siku nne, Violeth. Mama alinizuia nisimpelekee maji. Nilimsikia akiniita. Salu... Salu... Mpaka sauti ikakatika."

Alilia ameziba mdomo kwa kanga. Nikamshika mabega, mepesi kama ya mtoto.

"Bibi, alikuwa mchawi?"

"Mama alikufa akisema alimwonea." Akatazama mlangoni, kulikoanza kuingia giza. "Lakini nimezaa watoto saba, na hakuna hata mmoja niliyempitisha pale akiwa mchanga."

Niliandika: Hana. Kitabu kimechapwa, jina lake limo.

Jioni ileile nilimwambia Mayunga jina la mtoto wetu, na yote niliyoyasikia makaburini. Tulilia pamoja, kwa mara ya kwanza. Asubuhi akachimbia msalaba wa mbao nyuma ya nyumba, akaandika Mahona Mayunga. Kisha akaniomba nimwite kwa sauti, arudi kwetu.

Nilifungua kinywa. Nikakumbuka kwamba maziwa yangu yalikauka wiki ileile tuliyomzika, na kule ananyonya.

Kila jioni Mayunga huniuliza kama nimeshamwita.

Namwambia bado.