Alikuja Kunioa Shingo Upande

"Nasha, hilo neno maana yake nini?"

Nasha aliizima simu, lakini baba yake, mzee Mepukori, alishasikia. Ujumbe wa sauti ulitoka kwa Herbert, dereva wa watalii kule Karatu, aliyempa mimba. Nasha aliufungua mbele ya wazazi kwa furaha, kumbe Herbert alikosea kuutuma. Alikuwa anaongea na kaka yake:

"Bro, kesho naenda Samunge kuposa. Naenda shingo upande tu, mama kanishikilia kwa sababu ya mtoto."

"Shingo naijua, na upande naujua," mzee alisema. Kiswahili chake alijifunzia mnadani. "Shingo upande ndiyo nini?"

Nasha angeweza kudanganya, lakini hakudanganya.

"Ni mtu kukubali jambo asilolitaka, baba. Mwili unaenda, moyo unabaki."

Mzee alimtazama usoni.

"Basi kesho utajibu mwenyewe. Mimi sitasema kitu."

Kesho yake Herbert alifika na mjomba wake, wamebeba sukari na mablanketi. Nasha alimfuata kwenye gari kabla hajaingia bomani.

"Herbert, unanipenda?"

"Si nimekuja?"

"Sijauliza hilo."

Herbert alitazama chini.

"Nilikupenda, Nasha. Siku hizi sijui imekuwaje. Lakini sitakukimbia. Nitakuoa, nitakutunza wewe na mtoto."

"Hata kama hunitaki?"

"Nitazoea."

Wakaingia. Mjomba alieleza kilichowaleta, kwa heshima, kisha wote wakamgeukia Nasha.

"Nashukuru mmekuja," alisema. "Sitaki kuolewa."

Alimtazama Herbert. Moyoni alikuwa anaomba kitu kimoja tu: abishe. Aseme hapana, Nasha, usiniache. Hata kwa uongo.

Herbert alishusha pumzi. Mabega yakalegea, uso ukang'aa kama wa mtu aliyepona homa.

"Asante, Nasha," alisema taratibu.

Neno hilo ndilo lililommaliza Nasha.

Alisimama wima mpaka gari likapotea kwenye vumbi la njia ya kuteremka. Ndipo akamgeukia baba yake, akaficha uso kwenye shuka alilojitanda mzee.

"Umefanya vizuri, mwanangu," mzee alimwambia.

"Sijafanya vizuri, baba," alilia. "Mimi bado namtaka."