Mstari Alioufuta Yanisey

Kila Jumamosi Yanisey alimaliza kahawa yake ya maziwa, akatia flashi mfukoni na kwenda kwenye klabu ya kompyuta ya mji wa Baracoa. Nyumbani hakukuwa na intaneti, ila waya wa mtandao wa mtaa tu, uliounganisha kompyuta za majirani, kwa hiyo kazi zake zilisafiri kwa flashi. Akiwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa ametengeneza programu ya kutafutia dawa: unaandika unachohitaji, nayo inakutajia nyumba yenye akiba ya kugawa.

Wiki moja alisahau kunakili kwenye flashi maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, ambavyo programu huviazima. Alipofungua programu nyumbani, yakatokea maandishi mekundu: maktaba haipatikani. Yanisey akaufuta mstari wa programu ulioiita maktaba hiyo. Wekundu ukatoweka. Akajaribu "aspirini", jibu likaja.

"Kwisha kazi!" akajisifu.

Jirani yake, Bibi Eneida, alikuwa na presha ya macho, na dawa yake ilibaki ya siku mbili. Akiikosa angeweza kupofuka.

"Niangalizie matone ya macho, mwanangu."

Programu ikataja nyumba moja ng'ambo ya mto. Bibi akaenda kwa miguu, juani. Aliporudi, binti yake alimsomea kichupa: matone ya masikio.

"Sasa ndiyo nione kwa masikio?" bibi akauliza.

"Mtandao ndio mbovu, bibi," Yanisey akadakia.

Bibi alikaa akisugua magoti yake. Yanisey aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama, akatoka mbio hadi klabuni kwa mwalimu.

"Mwalimu Osniel, nimedanganya. Kuna mstari niliufuta."

"Uliufuta kwa nini?"

"Ulikuwa unanigombeza."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha. "Maktaba ile ndiyo inayotayarisha anwani, ile inayopeleka maneno yako mtandaoni. Anwani haipokei nafasi kati ya maneno, lazima igeuzwe alama. Bila hivyo, 'matone ya macho' inakatwa, linafika 'matone' peke yake."

Wakanakili maktaba, mstari ukarudishwa. Nyumbani Yanisey aliandika tena maneno yaleyale. Safari hii kila nafasi ikageuka alama ya asilimia na ishirini, na jibu likaja: nyumba ya tatu, mtaa uleule. Akaenda mwenyewe, akarudi na kichupa, akamweleza bibi ukweli wote.

Bibi Eneida alitia matone, akafumba macho kidogo.

"Magoti yatapoa," alisema. "Lakini kompyuta ilikwambia mapema kuna kasoro, wewe ukaiziba mdomo. Siku nyingine itafute kasoro, mwanangu. Usimfute anayekuambia."