Kadi ya Bibiana

Bibiana alikuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni Mikumi. Kila asubuhi alifagia, akatandika vitanda, akabadili mashuka. Kadi yake ilifungua vyumba vyote. Aliisogeza tu kwenye kitasa, mlango ukafunguka. Hata akienda kunywa chai nje, kadi ilikuwa inaning'inia shingoni.

Mama yake alipougua, aliomba ruhusa akaenda Mamboya kumuuguza. Huko huko askari wakamfuata. Kamera ya mtalii ilikuwa imeibwa chumbani.

"Mlango ulifunguliwa kwa kadi yako," alisema Gerald, meneja wake, walipofika kituoni. "Kompyuta inaonyesha."

"Bosi, nilikuwa Mamboya. Kadi ninayo, hii hapa. Waulize majirani."

"Kwa hiyo kompyuta inasema uongo?"

Akawekwa mahabusu. Akiwa humo, mama yake akafariki. Bibiana alilia, akaomba akazike. Hakuruhusiwa.

Baadaye Lusekelo, fundi wa vitasa, aliitwa kukagua milango. Aliposikia habari ile, alikwenda kituoni na Gerald.

"Kama kadi ilikuwa Mamboya, basi ipo nyingine inayofanana nayo," alisema. "Dada, kuna mtu aliyekusogelea sana?"

Bibiana akakumbuka. "Mgahawani. Mwanamume alijibana kwangu kwenye benchi, mkoba wake ukanigusa kifuani. Nilidhani ana tabia mbaya, nikahama."

"Mkobani alikuwa na kifaa cha kunakili. Kadi hii hutoa namba yake hewani kwa kifaa kilicho karibu. Haiulizi ni cha nani."

"Sasa tujikinge vipi?" aliuliza Bibiana.

"Ukimaliza kazi, iache ofisini. Ukilazimika kutembea nayo, itie kwenye kifuko maalumu chenye bati ndani. Nawe meneja, nunua kadi mpya zisizonakilika kirahisi. Mtu akienda likizo, zima kadi yake."

Lusekelo akawaeleza askari hayo yote, Bibiana akaachiwa. Alifika Mamboya matanga yameshaanuliwa. Baadhi ya majirani hawakumsalimia.

Gerald alibadilisha kadi zote. Haikupita muda, mtu mmoja alijaribu mlango kwa nakala ya kadi ya zamani. Taa ya kitasa ikawaka nyekundu, mlinzi akamkamata.

Gerald akampigia simu Bibiana. "Tumempata mwizi. Pole sana. Rudi kazini."

"Nitarudi, bosi. Watoto wanasoma," alijibu. "Lakini ungenisikiliza siku ile, ningemzika mama yangu."