Nusu ya Pili

Walikutana sokoni, mbele ya meza ya vitabu vilivyokwisha kusomwa, kila mmoja ameshika ncha ya kitabu kimoja. Mwanamke alikuwa mfamasia mwenye gauni la kijani kibichi, ambaye tangu amalize chuo hakuwa amesoma kitu ila karatasi za maelezo ya dawa. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, mikono ina harufu ya grisi, tabasamu halina haraka.

“Dada, mimi nimekiona kwanza,” alisema fundi.

“Ulikiona, lakini mimi nimekishika.”

Muuza vitabu alichoshwa nao. Akachukua kisu, akakipasua kitabu katikati, kila mtu na nusu yake.

Ndipo ukazaliwa utaratibu wao. Kila kitabu walikipasua. Mfamasia alisoma mwanzo na kumsimulia mwenziwe, kisha fundi akampigia simu wakati wa chakula cha mchana amsimulie mwisho. Alisimulia kwa sauti ya chini, akimwita “daktari wangu wa vidonge”, naye mfamasia akicheka nyuma ya rafu za dawa hadi wagonjwa wakageuza shingo. Katika miisho yake, wajane walirudiwa na waume waliodhaniwa wamekufa. Mabaharia walirejea. Watu walioana.

Lakini nusu hazikumtosha mfamasia. Alianza kujinunulia vitabu vizima: habari za nyota, za wafalme, za wadudu, za miji ambayo hangefika. Alisoma kwenye foleni, alisoma huku wali ukiungua, na usingizi wake ukawa na watu wengi. Hakujua kwamba mtu mzima anaweza kuongezeka kiasi kile. Siku moja kwenye meza ileile ya sokoni akakuta nakala nzima ya kitabu chao cha kwanza. Akainunua kwa ajili ya mapenzi tu, akaisoma hadi mwisho.

Humo, mjane hakurudiwa na mtu. Aliuza nyumba, akajifunza kuogelea.

Jumapili ile fundi alikuja mkahawani na shati jeupe lililopigwa pasi, pete mfukoni. Mfamasia akakiweka kitabu kile kizima mezani.

“Zile nusu zako. Umesoma hata moja?”

Fundi alizungusha kikombe chake. Akaeleza kwamba alijaribu. Kila akifungua, macho yalikataa. Siku ile sokoni alikishika kitabu kwa sababu mfamasia alikuwa amekishika.

“Nilipenda ukinisimulia,” alisema. “Na ulifurahi, mpenzi. Nilikukosesha nini?”

Alimkosesha kuogelea kwa yule mjane. Mfamasia alitaka kumwambia hivyo, lakini ilikuwa kama kumweleza mtu ladha asiyowahi kuionja. Uongo wenyewe angeusamehe. Kilichomuuma ni kwamba katika miisho yote aliyomtungia, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeachwa aende zake.

“Na sisi,” akauliza taratibu, “tunaishia wapi?”

Uso wa fundi ukachangamka. Akaitoa pete.

“Tunaoana. Tunapata watoto. Tunazeeka pamoja.”

Aliyasema kwa sauti ileile ya simu ya mchana, ya chini, tamu, isiyohitaji ukurasa. Mfamasia aliusikiliza mwisho huo hadi ukomo wake. Kisha akachukua kitabu chake na kuiacha pete mezani.

Jioni alifungua kitabu kipya, kizima. Kilikuwa kizuri. Alipofika katikati, mkono wake ukaanza kuitafuta simu.