Dakika Tisa Zilizobaki

Jumatatu ya kufungua shule, duka la stesheneri karibu na soko la Tukuyu lilijaa hadi ngazini. Wazazi walishika orodha za madaftari, wanafunzi walishika fomu za kutoa kopi, na mvua ile nyembamba ya Rungwe iliwasukuma wote ndani. Katikati yao alisimama mwanaume mrefu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama, lakini viatu vilijaa matope ya Lufingo. Laptopu yake ilikuwa wazi juu ya kaunta.

"Kaka, mimi nataka programu ya kukata video, ya bure. Hii uliyoniwekea wiki iliyopita imeniharibia somo zima."

"Mwalimu, si ulisema bure?" mwenye duka akajibu bila kuinua kichwa. "Basi hiyo ndiyo bure."

Nyuma ya mwalimu alikuwapo msichana wa sweta la njano, sketi ya kitenge na buti za mpira. Mkononi alishika flashi iliyofungwa uzi mwekundu ili isipotee. Alichungulia ile skrini. Mwalimu alikuwa amerekodi skrini akifundisha hesabu, na juu ya hesabu hiyo jina la programu lilikuwa limelala mshazari kwa herufi kubwa za kijivu, kama kamba ya kuanikia nguo. Msichana akacheka.

"Dada, unacheka nini?"

"Nisamehe, mwalimu. Alama imekaa juu ya jibu."

Mwalimu akaangalia, naye akacheka. "Ndiyo maana kidato cha nne wa masomo ya likizo kila mmoja ameniletea jibu lake."

"Bure ziko mbili," msichana akasema. "Kuna bure inayokuvizia mwishoni, unataka kuhifadhi kazi inakuambia lipa au nakuchafulia. Na kuna bure ya kweli. Hiyo ya kweli ninayo."

"Wewe? Unafanya kazi gani?"

"Nakata video za harusi na sendofu. Studio ya baba mdogo, Makandana. Naitwa Tupokigwe."

"Mimi Wilson. Nafundisha hesabu."

"Najua. Una chaki mpaka sikioni."

Wakatoka pamoja, mwavuli mmoja, kila mmoja bega moja likilowa.

Studio ilikuwa chumba kimoja chini kidogo ya hospitali, kimepakwa bluu, na pazia la maua la kupigia picha. Tupokigwe akaketi, akaiweka ile programu kwenye laptopu ya mwalimu. Inaitwa Shotcut. Vidole vyake vilikwenda haraka, lakini maneno ya Kiingereza hakuyasoma.

"Mimi nimeishia darasa la saba," akasema mwenyewe, bila kuulizwa na bila kuinama. "Hizi nimezijua kwa sura. Hii ni sumaku, inavuta vipande vikae pamoja. Ukibonyeza S, video inapasuka hapo ulipo. Ukibonyeza X, kile kipande usichokitaka kinaondoka."

"Miaka sita nafundisha watoto kuitafuta X, kumbe wewe unaitumia kufutia!"

"Labda ndiyo maana hawaioni."

Wilson alicheka mpaka akashika meza.

"Sikiliza, hili ni kubwa kuliko yote," Tupokigwe akaendelea. "Usikate kitu ambacho hujakisikiliza mpaka mwisho. Niliwahi kukata sekunde chache za harusi, nikaona ni kelele tu. Kumbe bibi wa bwana harusi alikuwa anawabariki. Alifariki mwezi uliofuata."

"Na ile baraka ilipotea?"

"Haikupotea. Programu inakata kwenye meza yake tu. Faili la mwanzo linabaki kwenye folda jinsi lilivyokuja. Nilirudi nikalitafuta. Lakini aibu niliipata."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa bodaboda ilimshusha Wilson Makandana. Masomo yale yalikuwa ya shule tatu zisizo na walimu wa hesabu wa kutosha, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Alirekodi mwenyewe, Tupokigwe akasafisha. Siku nyingine Wilson alimpigia simu kabla hata hajafika nyumbani Lufingo.

"Haloo, fundi wangu."

"Sema, mwalimu wa X. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimepiga tu nisikie kama bado unanicheka."

"Nakucheka. Halafu nina neno. Lile somo la leo, dakika ya nne umekwenda mbio. Mimi sijaelewa, na mtoto wa nyuma hataelewa."

"Nitarudia kurekodi."

"Hujakasirika?"

"Nimefurahi. Ndaga fijo."

"Asante sana kwa Kinyakyusa, lakini hilo 'fijo' lako limekaa kama limepinda, mtu wa Singida. Lala salama, mwalimu."

Hakuwa amemtamkia kitu. Lakini Tupokigwe ni mtu wa kutazama na kungoja. Aliona kwamba Ijumaa shati linabadilika, na ndevu zinanyolewa. Alijua linakuja, kama mtu anayepika ndizi anavyojua zimeiva kwa harufu.

Ijumaa moja, mwezi wa pili wa kazi hiyo, Wilson alileta flashi haraka, akawahi kikao. Tupokigwe akafungua somo la mteremko wa mstari. Mfano ulikuwa njia ya kushuka Lufingo, akatabasamu. Somo likaisha, lakini video haikuisha. Wilson alikuwa amesahau kuzima. Skrini ilikuwa imetulia, maikrofoni bado inachukua sauti za ofisi ya walimu.

"Wilson, masomo yako siku hizi yamekuwa kama ya televisheni," ilisema sauti nzito. Tupokigwe aliijua kwa masimulizi. Ni Mwalimu Ackson, rafiki yake. "Ni yule binti wa studio?"

"Ananisaidia kukata."

"Kukata tu? Watu wanasema kila Ijumaa unashuka Makandana umenyoa ndevu. Bwana, yule ni darasa la saba. Wewe una digrii. Mkishamaliza chai mtaongea nini?"

Wilson akacheka. Kicheko kilekile alichomchekea yeye. "Aa, Ackson. Yule ni wa video tu. Zikiisha, zimeisha."

Mkono wa Tupokigwe ukaenda wenyewe. S. X. Chini ya skrini, mstari wa sauti wa lile faili ulikuwa umeendelea kupanda na kushuka kwa dakika tisa zaidi. Hakuuangalia.

Kazi hakuiharibu. Alilisafisha somo lile kuliko yote, akampa bodaboda flashi, akaandika ujumbe: *Kazi imekamilika. Nakutakia heri.* Simu ikaita mara nne jioni ile, na mara sita kesho yake. Akaigeuza kifudifudi mezani.

"Mbona hupokei?" mama yake akamuuliza Jumapili baada ya ibada.

"Ni mtu wa video, mama. Zimeisha."

Alhamisi saa nane mchana, Wilson akaingia studio. Shati halikupigwa pasi, ndevu zimeota.

"Tupokigwe, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umesema tu unavyoona. Tafuta mwingine wa kukukatia, programu unayo, na ni bure."

"Nimesema nini? Wapi?"

"Ulisahau kuzima, mwalimu. Wewe na Ackson wako. Yule ni wa video tu."

Wilson akafumba macho. Akakumbuka siku ile, mpaka laptopu ilipozimika mezani. Halafu, jambo ambalo Tupokigwe hakulitegemea, akavuta kiti akaketi, ametulia kama mtu aliyeshika jibu lililohakikiwa.

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Nilisikia ya kunitosha."

"Nani alinifundisha kwamba usikate kitu ambacho hujakisikiliza mpaka mwisho?"

"Usinigeuzie maneno yangu."

"Siongezi neno hata moja. Faili la mwanzo liko kwenye folda. Lifungue. Ukimaliza, ukiniambia niondoke, naondoka, na sitapiga simu tena."

Tupokigwe angeweza kukataa. Lakini ile baraka ya bibi ilimjia kichwani, na aibu yake. Akafungua folda.

Kicheko kikapita tena, kikamchoma tena. Zikafuata hatua za Ackson, mlango ukafungwa. Halafu Wilson anapiga simu.

"Dada, shikamoo. Nina jambo, na sasa hivi nimemdanganya rafiki yangu kwa ajili yake. Ackson ukimwambia kitu saa nne, saa sita kiko sokoni. Sitaki jina la mtoto wa watu litembee mabarabarani kabla sijafika kwao... Ndiyo, nimempata. Wa hapa hapa Rungwe... Hapana, hakusoma sana. Subiri, dada, nisikilize. Mimi nimefundisha miaka sita. Wakaguzi wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia dakika ya nne nimekwenda mbio, mtoto wa nyuma hataelewa. Tena alisema kweli. Sasa mtu kama huyo nimwache niende wapi?... Naogopa, ndiyo. Naogopa akikataa, nani tena atanisikiliza mpaka mwisho?... Niambie ninyi huko Singida mnaanzaje, barua inaandikwaje..."

Wakazungumza juu ya barua ya posa mpaka laptopu ya Wilson kule ofisini ikazimika kwa kuishiwa chaji, na video ikaishia hapo.

Nje mvua ilikuwa imeanza, bati likawa linalia. Tupokigwe akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Nilivunja sheria yangu," akasema. "Hilo ni langu, nisamehe."

"Mpenzi wangu..."

"Ngoja. Bado sijamaliza. Ulicheka, Wilson. Aliposema darasa la saba, ulicheka. Kuficha jina langu naelewa. Kicheko kilikuwa cha nini?"

"Kilikuwa cha woga. Nilitaka aache kuuliza, nikachagua njia rahisi. Sina cha kujitetea."

"Basi usijitetee. Mpigie."

"Nani? Ackson?"

"Tena weka spika."

Simu ikaita mara mbili.

"Ackson, niko Makandana. Lile nililokuambia ofisini, kwamba Tupokigwe ni wa video tu, lilikuwa uongo. Nampenda. Nataka kumwoa. Na nilipocheka uliposema darasa la saba nilifanya kosa. Wewe pia ulikosea."



"Anasikia?" Ackson akauliza kwa sauti ndogo.

"Nasikia, shemeji," Tupokigwe akajibu. "Uliuliza tukishamaliza chai tutaongea nini."

"Shemeji, jamani, mdomo wangu..."

"Mdomo wako nimesifiwa sana. Naambiwa unafikisha neno sokoni kwa saa mbili. Sasa nataka ufikishe moja kwetu Kisondela. Wewe ndiye utakayekuwa mshenga."

"Mimi?"

"Wewe. Baba anaitwa Mzee Asajile. Naye ni darasa la saba. Uje na tai."

Wilson alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanatikisika kwa kicheko, na safari hii Tupokigwe alikisikia chote, hakuona cha kukata.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Ackson alipanda mlima wa Kisondela kati ya migomba na miparachichi, tai nyekundu shingoni, barua imefungwa kwenye nailoni isilowe. Wilson hakwenda, maana anayeposa hubaki nyuma. Alikaa Lufingo akisahihisha madaftari, na daftari moja alilisahihisha mara tatu.

Saa tisa simu ikalia.

"Bwana, nimetoka jasho!" Ackson akapumua. "Mzee ananitazama tu. Akaniuliza swali moja, huyo kijana wenu ni mtu wa kusikiliza?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema, mzee, alikuwa hajui, amefundishwa na binti yako. Wakaangaliana na mama, wakacheka. Wameipokea barua. Wanasubiri wazee wenu waje. Ngoja, kuna mtu ananinyang'anya simu."

Zikasikika sauti za kuku, kikasikika kikombe.

"Mwalimu."

"Naam, mpenzi wangu."

"Mtihani hausubiri harusi. Ijumaa ulete somo linalofuata."

"Nitaleta."

"Na unyoe ndevu."